Nilikariri maneno mazito ya Kiingereza, mbona nimekwama kwenye Kuandika?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 28, afisa ugani katika kata moja wilayani Newala. Nyumbani tulikua tukizungumza Kimakonde, Kiswahili nikakishika sawasawa nilipoanza shule, na Kiingereza kikanikuta sekondari kama kilivyowakuta wenzangu wengi: mwalimu anafundisha Baiolojia kwa Kiingereza, sisi tunanakili ubaoni bila kujua tunachonakili. Nikasonga hivyo hivyo mpaka nikapata shahada yangu ya kilimo.

Mwaka huu nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya afya ya mimea huko Uingereza, ila kwa sharti. Wanataka IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza ambao alama zake zinaishia 9, wastani wa 6.5, na pasiwe na sehemu hata moja iliyo chini ya 6. Baba yangu ni mkulima wa korosho. Malipo ya mnada yalipoingia alitenga fedha za ada ya mtihani na nauli ya kwenda Dar es Salaam, akanikabidhi mkononi bila maneno mengi.

Nilijiandaa miezi minne. Kuna mtu anayefundisha tuisheni aliniuzia orodha ya maneno elfu moja, akasema hayo ndiyo maneno ya alama 8. Nilikremu, Mwalimu. Niliyabandika ukutani, nyuma ya mlango wa jikoni, juu ya meza ya kulia. Nikiwa kwenye pikipiki naenda kwa wakulima nilikuwa najitamkia "plethora", "myriad", "ubiquitous", "conundrum" mpaka nafika.

Matokeo yametoka: Kusikiliza 6.5, Kusoma 7, Kuandika 5.5, Kuzungumza 6. Wastani 6.5. Yaani wastani ninao, ila Kuandika kumenitoa nje ya mlango.

Kwenye Kuandika, kazi ya kwanza, ile ya kuelezea grafu, ilinila kama dakika 35 kwa sababu kila sentensi nilikuwa natafuta namna ya kuchomeka neno zito. Ya pili, insha, sikuimaliza. Niliishia kwenye maneno 200 hivi. Sentensi zangu zilikuwa kama hii niliyoiandika kwenye mazoezi: "Nowadays a myriad of farmers in our region utilize a plethora of chemicals to eradicate the ubiquitous diseases, which is a paramount conundrum." Nilidhani hapo nimemaliza kazi. Kwenye Kuzungumza nako, nilipopewa kadi nieleze jambo, nilikwama nikitafuta neno kubwa mpaka nikawa nasikia feni inavyozunguka.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Baba aliiona ile 6.5 akajua nimefaulu. Amewaambia wazee wenzake pale chama cha msingi kwamba binti yake anakwenda Ulaya. Sijamdanganya kwa mdomo, lakini sijamrekebisha.

Naomba unisaidie. Nahitaji maneno mangapi ili nifike? Nitafute orodha nyingine iliyo bora? Na baba nimwambieje?

Binti wa Newala

*

Marahaba, binti yangu.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lililokuumiza kwanza. Kuandika ni dakika 60 kwa kazi zote mbili. Ya kwanza inataka maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250, na ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Wewe umemaliza dakika 35 penye alama chache, ukafika penye alama nyingi saa imekwisha, ukaacha insha haina mwisho. Hilo peke yake linatosha kumshusha mtu, hata awe na kamusi nzima kichwani. Kuanzia leo grafu ni dakika 20, insha dakika 40, na simu iwe mezani inahesabu. Usiandike zoezi hata moja bila saa.

La pili, msamiati ni robo ya alama za Kuandika. Mtahini anapima mambo manne yenye uzito sawa: kama umelijibu swali lenyewe kikamilifu, kama hoja zimepangika na kushikana, msamiati, na sarufi. Aliyekuuzia orodha alikufanya umwage miezi minne kwenye robo moja, na hata hiyo robo hukuipata yote. Simshangai. Nimefundisha Kiingereza shule za huku Kusini miaka mingi, na miaka yangu ya mwanzo nilikuwa najaza ubao maneno magumu, wanafunzi wananakili, kengele inalia, naondoka nikiamini nimefundisha. Wale watoto waliyajua maneno. Kuyasema hawakuweza.

Sasa tazama matokeo yako tena, safari hii tazama ile 7 ya Kusoma. Makala za Kusoma za IELTS si nyepesi, na maswali yake yameandikwa makusudi kwa maneno tofauti na yaliyo kwenye makala. Makala itasema mapato ya wakulima yalishuka, swali litauliza kwa nini walianza kupata fedha kidogo. Mtu asiye na maneno hapati 7 pale. Kwa hiyo, mwanangu, maneno unayo. Yako ghalani, na stakabadhi yake unayo mkononi, ila mzigo haujafika mnadani. Orodha mpya itaongeza magunia ndani ya ghala lile lile.

Kwa nini hayatoki? Nikueleze kwa korosho, maana hapo wewe ndiye mwalimu.

Mgeni anayejifunza Kiswahili akija Newala mwezi wa kumi akakwambia "wakulima wanachuma korosho", utamwelewa. Lakini utajua hapo hapo kwamba huyu hajawahi kuinama chini ya mkorosho, kwa sababu korosho tunaokota. Zikikauka tunabangua. Akisema tunamenya, utaelewa tena, na utajua tena. Chungwa ndilo linalomenywa, mahindi yanapukuchuliwa, mpunga unapurwa. Nazi peke yake inafuliwa, inavunjwa, kisha inakunwa, na ukivuruga mpangilio huo mama yeyote jikoni atakukatiza. Chukua "piga": tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, na wakulima wako wanapiga salfa, ile dawa ya mikorosho. Hakuna aliyekupa orodha ya hayo. Kila neno ulilisikia likiwa na mwenzake, mara nyingi, kutoka kwa watu waliokuwa kazini, na leo ukisikia limetenganishwa na mwenzake sikio linakataa kabla hujafikiri.

Kiingereza nacho ndivyo kilivyo. Mvua kubwa ni "heavy rain", upepo mkali ni "strong wind", na ukibadilishana hizo mbili umechuma korosho. Kura wao "wanaitupa" ("cast a vote"), uhalifu "unatendwa" ("commit a crime"), hatari "inaletwa" kwa neno dogo linaloitwa "pose" ("pose a threat"). Mtahini anayepima msamiati wako anatafuta vitu hivi. Katika vigezo vyao vya alama 7 wanataka maneno yasiyo ya kawaida sana, ndiyo, lakini yakitumiwa na mtu anayejua mahali pake na wenzake. Kigezo cha 6 kinamweleza mtu anayejaribu maneno hayo na kuyakosea hapa na pale. Wewe uliyajaribu yote kwa mkupuo, tena sentensi moja.

Tuichukue sentensi hiyo. Usione aibu, mimi nimeipenda, kwa sababu ndani yake kuna afisa ugani mwenye jambo la kusema, ila amefunikwa.

"Eradicate" maana yake ni kutokomeza kabisa, kisibaki popote. Ndui ilitokomezwa, Shirika la Afya Duniani likatangaza mwaka 1980. Sotoka ya ng'ombe ikafuata, mwaka 2011. Je, ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho ambao Kiingereza wanauita "powdery mildew", umetokomezwa Newala? Ungetokomezwa, usingekuwa unawahimiza wakulima wapige salfa kila mikorosho inapotoa maua. Unadhibitiwa, na hilo kwa Kiingereza ni "control": "control a disease". Neno la Kidato cha Kwanza, lakini ndilo la kweli, na wataalamu wa mimea ndilo wanaloandika. Kwenye shahada unayoitaka, anayechanganya "control" na "eradicate" amekosea sayansi, siyo Kiingereza tu.

"Ubiquitous" ni kitu kilichozagaa kila mahali, na ulipotanguliza "the" ukamfanya msomaji atafute magonjwa gani hayo uliyokwisha kuyataja. Hukuyataja. "Conundrum" ni fumbo, jambo linalotatiza akili. Magonjwa ya mikorosho ni tatizo, fumbo hapana. "Paramount" ni yenye umuhimu kuliko yote, mwenzake wa kawaida ni "importance", na hukaa vibaya sana na fumbo. "A plethora of chemicals" inadai dawa ni nyingi kupita kiasi. Je, ndivyo ulivyotaka kusema? Nadhani ulitaka kusema wanatumia sana salfa.

Ningeiandika hivi: "Many farmers in our region rely on sulphur to control powdery mildew, but years of heavy use can make the soil more acidic."

Soma kwa sauti. Hakuna neno ambalo hulijui. Sasa hesabu wenza: "rely on", yaani wanaitegemea, "control powdery mildew", "heavy use", ile ile "heavy" ya mvua, safari hii inabeba matumizi, "make the soil more acidic". Na hoja imeingia, kwamba dawa ile ile inayookoa maua inaongeza tindikali kwenye udongo miaka ikipita. Hilo unalijua kazini kwako. Mtahini akisoma hapo anaona mtu anayejua anachosema, na ataendelea kusoma kwa nia njema.

Umeuliza kuhusu orodha bora. Ipo moja ninayoiheshimu, na inapatikana bure mtandaoni. Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alipekua maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, akaondoa maneno 2,000 ya kawaida yaliyokuwa kwenye orodha ya zamani ya Michael West ya mwaka 1953, kisha akakusanya yaliyojirudia katika fani nyingi. Akapata familia 570 za maneno, na familia hizo zinabeba karibu neno moja katika kila maneno kumi ya maandishi ya kitaaluma. Unajua kundi lake la kwanza lina nini? "Assess", "benefit", "distribute", "estimate", "export", "factor". Umeyasoma yote chuoni! "Myriad" haimo, "plethora" haimo, wala "ubiquitous" na "conundrum". Katika maneno yako mazito ni "utilize" peke yake iliyomo, na hapo kwenye sentensi yako "use" ingekaa vizuri zaidi.

Alizipanga kwa familia, na hapo Mbantu ana faida yake kama ataitumia. Wewe kutoka "lima" unapata mkulima, kilimo, limisha, limika bila kukuna kichwa. Basi ukikutana na "produce" usiishie hapo. Kuna "producer", "product", "production", "productive", "productivity". Andika sentensi ya shambani kwa kila mmoja. Wanaopata 5.5 mara nyingi wanalo neno la mzizi lakini wanashindwa kuligeuza, wanaandika "the produce of cashew is increase". Hapo ndipo msamiati na sarufi zinapoanguka pamoja.

Sasa kazi yenyewe.

Bandua yale makaratasi ukutani. Jicho huzoea kilichobandikwa. Baada ya wiki unapita bila kukiona. Na hata ukikiona, kuona neno ni kazi nyingine kabisa na kulitoa kichwani wakati halipo mbele yako. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kila tukirudia baada ya muda kumbukumbu inakaa zaidi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1972, Sebastian Leitner akaleta njia ya visanduku. Chukua boksi la sabuni, ligawe vyumba vinne kwa vipande vya kadibodi. Kata kadi. Upande mmoja andika sentensi ya Kiswahili, sentensi nzima: "Wakulima wengi wanategemea salfa." Upande wa pili Kiingereza chake, ukiwa umepigia mstari "rely on". Kadi mpya zinakaa chumba cha kwanza, unazipitia kila siku. Ukiipata bila kuchungulia, inahamia chumba cha pili, cha kila siku ya tatu. Kisha cha kila wiki. Kisha cha kila wiki mbili. Ukiikosa, hata iwe imefika mbali vipi, inarudi chumba cha kwanza. Kuna programu za simu zinazofanya hivyo hivyo, lakini mkono unaoandika kadi nao unajifunza.

Kadi 15 mpya kwa wiki, usizidishe. Najua ni chache ukilinganisha na elfu moja. Ukizishika 15 kwa wiki 12 una misemo 180 inayotoka yenyewe, na insha ni maneno 250 tu.

Utazitoa wapi? Soma vitu vya kazi yako kwa Kiingereza. Watafiti wa korosho wa Naliendele, hapa hapa nje ya mji wa Mtwara, huandika tafiti zao kwa Kiingereza. Chukua ukurasa mmoja na usitafute maneno usiyoyajua, hayo yapite. Tafuta unayoyajua, uone yametembea na nani. "Yield" umeijua miaka yote. Je, unajua kwamba mavuno kwa Kiingereza "yanainuliwa" kwa "boost" au "improve", na kwamba mavuno mabaya ni "poor yields"? Hapo ndipo kadi inapozaliwa.

Kwa grafu, bahati yako ni kubwa kuliko ya mtu wa mjini. Kila msimu wa korosho unapata bei za minada, ya juu na ya chini, wiki baada ya wiki. Chora mstari wake kwenye daftari, kisha uuelezee kwa Kiingereza ndani ya dakika 20. Tuseme mnada wa pili bei ilipanda kidogo, wa tatu ikaporomoka, wa nne na wa tano ikatulia: "Prices rose slightly at the second auction, fell sharply at the third and then levelled off." "Rise" na "fall" ulizijua darasani zamani; anayezipandisha hadhi ni "slightly" na "sharply". Ukiandika "fell strongly" umechuma korosho tena. Na uwe mwangalifu sana na vihusishi. "Rose by 200 shillings" ni kwamba iliongezeka shilingi 200. "Rose to 200 shillings" ni kwamba ilifika shilingi 200, na mkulima angelia. Herufi mbili zimebadili hesabu yote, na mtahini anaziona kabla ya "plethora" yako.

Insha hazitakuwa za korosho kila mara. Zitakuja za elimu, afya, miji, nishati, teknolojia. Fanya kila mada iingilie mlango wa kwenu. Ukiulizwa kuhusu nishati unayo gesi ya Mnazi Bay inayosafishwa Madimba na kupelekwa kwa bomba hadi Dar es Salaam; jifunze misemo ya kuieleza hiyo, nayo itakufaa kwa swali lolote la nishati duniani. Au swali hili ambalo hupenda kutolewa kwa sura mbalimbali: je, vitu vya kale virudishwe nchi vilikotoka? Wenzako watahangaika kutafuta mfano. Wewe unao mlima Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, vibarua wa huku wakaibeba kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, na leo kiunzi chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Hapo utahitaji "country of origin", "be shipped to", "on display", "lay claim to". Misemo minne, na unayo insha ambayo hakuna mwingine chumbani anayeweza kuiandika. Nimewahi kuwapa vijana wawili mada hiyo. Waliandika kwa hasira, na hasira ikawatolea Kiingereza ambacho sikujua kama wanacho.

Usikariri insha nzima, hata kama utaipata ya alama 9. Watahini wamefundishwa kuzitambua, na majibu ya kukariri hayapewi alama unazozitarajia.

Kuzungumza una 6, kunatosha kwa sharti lako, lakini usikuache kushuke. Ukipewa kadi una dakika moja ya kujiandaa, kisha unazungumza hadi dakika mbili. Kunyamaza kutafuta neno kubwa kunakugharimu zaidi ya neno dogo lililopita bila kukwama, kwa sababu ufasaha wa mtiririko nao ni robo kamili. Jioni moja nenda pale Shimo la Mungu, litazame bonde la Ruvuma, washa kinasa sauti cha simu, ueleze unachokiona kwa dakika mbili bila kusimama. Kisha sikiliza. Palipokwama pana kadi mpya.

Ujirekodi pia ili uyakamate maneno tuliyoyaazima yakabadilika tabia njiani. Sisi tukisema tumekula hotelini tuna maana ya mgahawa. Mwingereza akisikia "hotel" anaona vitanda. Ukimwambia umebeba chakula cha mgonjwa kwenye "hotpot" atashangaa, maana kwao hicho ni chakula chenyewe, mchuzi wa nyama na viazi. Na "sorry" kwao ni kuomba radhi, au kumhurumia mtu aliyepata jambo zito. Haibebi yote yanayobebwa na "pole" yetu, hata ile ya pole na kazi.

Umeuliza idadi. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma vitabu na magazeti ya Kiingereza bila msaada kunahitaji familia 8,000 hadi 9,000 za maneno. Hiyo ni safari ya miaka, na utaitembea ukiwa huko huko masomoni. Kutoka 5.5 kwenda 6 ya Kuandika ni safari nyingine, fupi zaidi. Mbele yako kuna insha iliyokamilika ndani ya muda, na sentensi ambazo kila neno limekaa na mwenzake. Miezi mitatu ya kadi, na insha mbili kila wiki zilizosomwa na mtu anayejua, zinakutosha kurudi ukiwa mtu mwingine.

Kuhusu kurudia: vipo vituo vinavyomruhusu aliyefanya mtihani kwa kompyuta arudie sehemu moja tu. Kiulize kituo chako kama huduma hiyo ipo na muda wake wa mwisho, halafu kiulize chuo kwa maandishi kama wanaipokea. Fanya hivyo kabla hujalipa hata shilingi moja. Na kiombe chuo kikwambie mwisho wa kutimiza sharti ni lini.

Sasa baba.

Mwambie wiki hii, kabla hajaongeza watu wa kuwaambia. Usimwambie mbele ya watu, wala usimwambie kwa simu. Nenda jioni akiwa amepumzika, mpe shikamoo yake, ukae chini, uichukue ile karatasi ya matokeo. Mwonyeshe ile 6.5 kwanza, kwa sababu ni ya kweli na aliifurahia kwa haki. Jumlisha namba zote nne naye: zinafika 25, ukigawa kwa nne ni 6.25, na kwa kanuni yao robo inapandishwa hadi nusu. Kisha weka kidole kwenye 5.5, umwambie chuo kinataka hii nayo ifike 6, na kwamba ulichelewa kumwambia kwa kuona haya. Mwombe radhi kwa kuchelewa huko tu. Mwambie utakavyofanya, na mwambie safari hii ada utailipa mwenyewe kwenye mshahara wako, hata ikibidi kusubiri miezi miwili.

Baba yako amewahi kufikisha gunia ghalani, likapimwa, akaambiwa unyevu umezidi, akalirudisha nyumbani kuanika tena. Alilianika, akalirudisha, likapokelewa. Muulize alijisikiaje siku ile, umwache azungumze.